Adolescence: Wekeni Simu Chini, Mtazame

Nimemaliza kuitazama sasa hivi, vipindi vyote 4 kwa kikao kimoja, na moyo bado unanidunda. Kama mna kijana nyumbani, kama mliwahi kulala bweni, kama mliwahi kumwogopa mtu wa rika lenu hadi mkachukia shule yenyewe, acheni mnachofanya muitafute Adolescence. Iko Netflix tangu tarehe 13 Machi 2025. Ni kazi ya Waingereza, imepigwa picha Yorkshire, na lafudhi ya kule itawalazimu wengi wetu hapa Kiganjo, Nyeri, kuwasha maandishi ya chini. Yawasheni! Dakika kumi zikipita mtakuwa mmesahau kwamba mnasoma.

Hadithi haina mafumbo. Alfajiri, polisi wenye silaha wanavunja mlango wa nyumba ya fundi bomba, wanapanda ngazi mbio, wanamkuta mvulana wa miaka 13 kitandani, ukuta wake umebandikwa karatasi za sayari na nyota. Anaitwa Jamie Miller. Anajikojolea kwa hofu. Anashukiwa kumuua kwa kisu Katie Leonard, msichana wa shule yake. Kabla kipindi cha kwanza hakijaisha tunaonyeshwa picha za kamera ya usalama, mbele ya baba yake, na swali la nani kaua linakwisha hapo hapo. Yanabaki mawili: kwa nini, na yatakayowapata waliobaki hai.

Sasa sikieni jinsi ilivyotengenezwa, maana hapa ndipo nilipopagawa. Mwongozaji Philip Barantini na mpiga picha Matthew Lewis wamepiga kila kipindi kwa mkupuo mmoja. Kamera ikiwashwa haizimwi, karibu saa nzima. Inaingia mlangoni na polisi, inashuka nao, inapanda gari, inasafiri hadi kituoni, inapita kaunta, seli, chumba cha mahojiano, na hakuna mkato hata mmoja. Wiki moja walifanya mazoezi ya uigizaji, wiki ya pili mazoezi pamoja na kamera, wiki ya tatu wakaipiga mara mbili kwa siku, mwanzo hadi mwisho. Mtu akiteleza dakika ya 40, mnarudi dakika ya kwanza. Mwishoni mwa kipindi cha pili kamera hiyo hiyo inafungwa kwenye droni, inaruka juu ya mapaa ya mji huku sauti za watoto zikiimba, halafu inatua usoni pa baba yake Jamie, aliyekuja kuweka maua pale msichana alipouawa. Nilisimama kitini. Nilipiga kelele peke yangu sebuleni.

Na ufundi huo una kazi. Filamu za kisasi tulizolelewa nazo, za Kihindi, za Kichina, za Nollywood, hukata palepale tunapotaka zikate. Mwonevu anaanguka, muziki unapanda, majina yanaanza kupita. Kesho yake hatuonyeshwi. Hapa kesho yake ndiyo sinema yenyewe, na kamera inakataa katakata kutuondoa chumbani.

Kiganjo ni mji wa polisi. Chuo chao kiko hapa, makuruta wamekuwa wakikimbia barabara hizi tangu kabla sijazaliwa, na nusu ya majirani zangu waliwahi kuvaa sare. Mzee mmoja mstaafu alipita nyumbani kipindi cha kwanza kikiendelea, akakaa, na akawa anataja kila hatua kabla haijafika: sasa watamsomea haki zake, sasa watatafuta mtu mzima wa kukaa naye, sasa wakili. Alivutiwa na subira ya yule askari wa kaunta, jinsi anavyomwuliza mtoto kama amekula. Kisha akaniuliza mtoto ana miaka mingapi, nikamwambia 13, akanyamaza. Kwetu, Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa kosa la jinai, na aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutenganisha jema na baya mpaka mahakama ithibitishe vingine. Kule Uingereza umri wa kushtakiwa unaanzia 10. Jamie angekamatwa Nyeri, kesi yake ingeanza na swali tofauti kabisa.

Kipindi cha pili kinatupeleka shuleni, na kuna mahali hapo pa kuwashtua wazazi wote wa huku Mlima Kenya. Inspekta Bascombe, anayechunguza kesi hii, amesoma maoni ya Katie kwenye Instagram ya Jamie, ameona vijipicha vya kuchekesha, akadhani wawili hao walikuwa marafiki. Mwanawe mwenyewe, anayesoma shule hiyo, anamvuta kando kwa aibu na kumfafanulia. Kidonge chekundu kina maana. Namba mia ina maana. Hata haragwe lina maana. Katie alikuwa akimwita Jamie, mbele ya shule nzima, mwanamume ambaye hakuna msichana atakayemtaka maishani mwake. Wenzake walibonyeza alama ya moyo. Walimu waliona, wazazi waliona, na hakuna aliyeona kitu.

Mngesema basi, huyu aliyeonewa amelipiza. Subirini! Baadaye tunajua kwamba Katie naye alikuwa ameumizwa. Picha yake akiwa kifua wazi ilisambazwa na mvulana aliyemwamini, ikazunguka kwenye simu zao wote. Jamie aliiona, akafikiri sasa huyu amevunjika, hawezi kunikataa, akamwomba watoke pamoja. Akakataliwa. Ndipo dhihaka zikaanza. Mwandishi Jack Thorne, aliyeiandika pamoja na Stephen Graham, ameusuka mnyororo huu kwa utulivu ambao sijauona kwingine: kila mtoto anapitisha maumivu yake kwa aliye karibu, na ya mwisho yanaangukia kwenye kisu kilichotoka kwa rafiki aliyedhani Jamie anataka kumtisha mtu tu. Sikupata nafasi hata moja ya kumpa Jamie haki. Na bado nilimlilia.

Kipindi cha tatu! Nitakisema mpaka mnichoke. Miezi 7 imepita, Jamie yuko kizuizini, na mwanasaikolojia Briony, anayeigizwa na Erin Doherty, amekuja kumhoji. Chumba kimoja, meza, watu wawili. Amemletea chokoleti ya moto yenye vipande vya marshmallow, anampa nusu ya mkate wake. Mvulana anatania, ana akili, ana haya, unampenda. Halafu hapati jibu alilotaka, anasimama, anamfokea mwanasaikolojia akiwa amemwinamia kwa juu, na ghafla tunaona alichokiona Katie. Anaketi tena, anaomba msamaha kwa sauti ya mtoto. Na huyu Owen Cooper, anayemwigiza Jamie, alikuwa hajawahi kuigiza mbele ya kamera maishani! Alikuwa na miaka 14, alichaguliwa kati ya mamia ya wavulana, na kipindi hiki ndicho walichokipiga kwanza kabisa. Kuna mahali anapiga mwayo katikati ya mahojiano. Mwayo huo ulikuwa wa kweli, kijana alikuwa amechoka, na Doherty akaudaka papo hapo akamuuliza kama anamchosha. Tazameni tabasamu linalomtoka Jamie. Hakuna mtu angeweza kuliandika.

Mwishoni anataka kujua jambo moja tu: kama Briony anampenda. Anaburutwa nje akiuliza.

Nilipofika hapo nililazimika kutembea kidogo uani, maana nilikuwa nimeshaacha kuwaza Yorkshire. Nilikuwa nawaza Mei 1999. Kutoka hapa hadi Shule ya Upili ya Nyeri ni mwendo mfupi wa matatu. Mwezi ule wanafunzi waliwafungia viranja 4 chumbani mwao usiku, wakiwa usingizini, wakamwaga petroli, wakawasha. Wote 4 walikufa. Kila aliyesoma bweni enzi zile anajua kiranja alikuwa nani: aliyeandika majina, aliyepigisha watu magoti usiku, aliyempa njuka kazi za watu wazima. Chuki ilikuwepo, na ilikuwa na sababu zake. Lakini wale 4 nao walikuwa vijana wa sekondari waliokabidhiwa mamlaka na watu wazima, na waliowasha moto ule walibaki na mzigo ambao hakuna kesi ingeuondoa. (Moto wa shule ya Endarasha siuchanganyi na haya. Wale watoto 21 waliokufa Septemba 2024 ni msiba wa namna nyingine, nao unastahili heshima yake.)

Kuna sajenti mwenzake Bascombe, Misha Frank, anayesema katika kipindi cha pili neno lililonichoma: kwamba kila mtu atamkumbuka Jamie, na Katie hatakumbukwa na yeyote. Ulizeni watu kumi mjini Nyeri kuhusu mwaka ule. Wote watawatajia shule. Ni wangapi watawatajia hata jina moja la kijana aliyekufa?

Nikawaza pia moto wa shule ya Moi Girls Nairobi, usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2017. Wasichana 10 walikufa. Mwanafunzi aliyewasha moto alikuwa na miaka 14, na mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 5 mwaka 2022. Bila kukusudia! Kuna filamu nzima ndani ya maneno hayo mawili. Moto haumchagui uliyemkasirikia. Kisu cha Jamie kilimpata aliyemlenga, ndiyo, lakini angalieni kipindi cha 4 muone kilipoendelea kwenda.

Miezi 13 imepita. Ni siku ya kuzaliwa ya baba, Eddie, anatimiza miaka 50. Stephen Graham anamwigiza, na nathubutu kusema hajawahi kuwa bora kuliko hapa. Asubuhi anakuta watoto wa mtaa wamemchorea tusi kwenye gari lake la kazi. Anaisugua rangi, haitoki. Familia nzima inapanda gari kwenda duka la vifaa kununua rangi nyingine, wanaimba njiani, wanajilazimisha kucheka. Dukani kijana mmoja anamtambua na kumwambia kwa minong'ono kwamba yuko upande wa Jamie. Yuko upande wake! Uso wa Graham hapo nitaukumbuka miaka mingi. Halafu simu inalia, ni Jamie, anasema amekubali kukiri kosa. Dada yake Lisa, ambaye hajamkosea mtu, anabeba jina hilo shuleni kila siku na anakataa kuhama, kwa sababu anajua litamfuata. Mama anavumilia mpaka chumbani, na mbele ya mlango uliofungwa wazazi wawili wanaulizana kama walifanya ya kutosha. Hawapati jibu, na waandishi hawawasaidii.

Lawama ninayo moja, na ni nzito. Nyumba ya Katie hatuingii hata mara moja. Mama yake hatumwoni. Najua walichagua kukaa na familia ya muuaji, na uamuzi huo ndio uliozaa kipindi cha 4, lakini kama wahusika wenyewe wanalalamika kwamba msichana anasahauliwa, kamera ingempa hata dakika 5. Rafiki yake Jade, anayechezwa na Fatima Bojang, anajaribu kuubeba msiba wote peke yake katika kipindi cha pili na karibu afaulu. Zile mbio za kumkimbiza Ryan, yule rafiki wa kisu, baada ya kuruka dirishani zilinipoza kidogo. Ndizo dakika pekee nilizotazama saa.

Ilitazamwa mara milioni 66 na zaidi katika majuma mawili ya kwanza, na mwaka 2025 Keir Starmer, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliunga mkono ionyeshwe bure katika shule za sekondari. Sisi likizo zikifika vijana huwa nyumbani Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, wamejifunika blanketi kwa baridi wakiwa na simu mkononi. Kaeni nao. Msiwape wakaitazame peke yao, na msiitazame nyinyi peke yenu halafu mkawahutubia. Kipindi cha tatu kitazameni kwenye skrini kubwa, hata kama ni ya jirani.

Na kwenu mnaotengeneza filamu mlimani huku: Aprili 2025 shule zetu zilikuwa Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na filamu, kwa hiyo msiniambie hatuna vipaji. Hadithi ya 1999 inasubiri mtu wa kuitengeneza kwa adabu, baada ya kuketi na familia, majina yakiwa yamebadilishwa. Waziri na magari ya vyombo vya habari siwataki. Kamera ianze asubuhi ya baada ya moto, mama akishuka matatu stendi ya Nyeri na kikapu mkononi, bado hajaambiwa kitu, imfuate barabarani, langoni, mbele ya wanafunzi waliosimama kimya, mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, na humo humo ofisini awe ameketi mama mwingine, wa kijana aliyewasha kiberiti. Dakika 60, mkupuo mmoja, Kikuyu na Kiswahili vikichanganyika kama tunavyosema. Tiketi ya kwanza nakata mimi.