Kabla ya Spana

Suzuki ya marehemu baba mdogo imekaa chini ya mwembe, nyuma ya nyumba yetu Ujiji, mwaka wa nne sasa. Injini imechoka, bodi bado nzima. Nimeazimia kuitia mota ya umeme, na miezi mitatu imepita sijagusa nati hata moja. Majirani wanadhani nimeghairi. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii: daftari, penseli na futi kamba.

Sianzi mimi kubadili nishati. Meli ya Liemba tunayoijua ilikuja kwa vipande kutoka Papenburg, ikaungwa Kigoma, ikaenda kwa mvuke. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, ila kwanza mafundi wakazipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa mvuke uleule. Miaka ya 1970 ndipo ikatiwa dizeli, na jina halikubadilika. Wavuvi wetu wa dagaa nao wameziacha karabai wakashika taa za betri. Na Nairobi, kampuni iliyoanza 2017 kwa jina Opibus, leo Roam, iligeuza magari ya safari kuwa ya umeme.

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu ni safari. Kwenda Kigoma mjini na kurudi ni kama kilomita 15. Kigari kama hiki hula takriban uniti moja kwa kilomita tano, basi uniti tatu zanitosha. Betri 45 za lithiamu, kila moja volti 3.2 na ampea-saa 100, zikifungwa kwa mfululizo ni volti 144 na uniti 14.4. Sitazikamua zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo nina kilomita hamsini na ushee. Kasulu nitaendelea kupanda basi. Kuchaji ni usiku, kwenye soketi ya nyumbani. Kabla ya gridi kufika Kigoma mwaka 2022 tuliishi kwa majenereta. Enzi hizo gari langu lingekuwa la dizeli vilevile, dizeli ya kupitia kwenye waya.

Kilichonitia adabu ni ukurasa wa pili: kazi za injini. Nilidhani inasukuma gari tu. Nikainama na tochi, nikafuata mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi hadi kwenye busta ya breki. Injini ndiyo inayonyonya hewa humo ili mguu wangu uone wepesi. Ukiing'oa bila kuweka pampu ya kunyonya mahali pake, utateremka kilima ukikanyaga jiwe. Ndiyo pia inayozungusha alteneta, nayo hulisha taa, honi na waipa, vyote vya volti 12. Kwa hiyo nahitaji kifaa cha kushusha zile 144. Hapo nilianza kuiheshimu mashine niliyokuja kuitoa.

Kisha bamba la chuma la kuunganisha mota na giaboksi. Hapa hakuna takriban. Shafti mbili zikipishana kidogo tu, gari litatetemeka na beringi zitakufa mapema. Nilinunua giaboksi chakavu ya aina ileile nifanyie mazoezi, nikabandika boksi la katoni kwenye uso wake, nikagonga taratibu kwa nyundo kuzunguka kila tundu la bolti hadi katoni ikajikata yenyewe. Nikafurahi, nikaliacha nje usiku. Asubuhi umande umelikunja. Fundi wa mitumbwi anayepita hapa akienda Kibirizi alilishika, akalitazama kwa jicho moja, akacheka. "Karatasi iliyolowa haisemi kweli, mdogo wangu." Nikakata jingine, kavu, kisha la tatu kwa mbao nyembamba, na hilo ndilo litakalokwenda kwa fundi wa kerezo.

Bado yapo mengine: kadi ya gari imeandikwa namba ya injini, nayo itabidi ibadilishwe. Na nimeshajizoesha kuvua saa na pete kabla ya kusogelea betri, ingawa betri zenyewe bado ziko dukani. Volti 144 hazina utani.

Injini yenyewe nimeshaipangia. Siku ikitoka itafutwa, itapakwa grisi nzito, itafunikwa turubai. Yule fundi wa mitumbwi ameshaiulizia bei.