Itazame Ilipovunjika: Kukagua Mshiko wa Nyuzi za Kaboni na Plastiki

Ubao wa nyuzi za kaboni uliotengenezwa kwa plastiki inayoyeyuka kwa joto huvutia kwa msuko wake mweusi unaometa. Usihadaike. Mng'ao ule ni sifa ya kalibu tu. Omba sampuli, ivunjwe, kisha itazame ilipovunjika kwa hadubini ya elektroni.

Uzi mmoja una kipenyo cha mikromita 5 hadi 7 hivi. Ukiukuta umechomoka mtupu na kuacha tundu safi, plastiki ilikuwa imeuzunguka tu, haikuushika. Ukiukuta umevaa mabaki ya plastiki yaliyoraruka, hapo pana mshiko. Mimi huanza hapo kabla ya kusoma cheti chochote.

Kisha uliza habari za mpako. Kaboni iliyookwa kwenye joto la zaidi ya sentigredi 1,000 hutoka na uso mkavu usioshikana kirahisi na kitu. Ndiyo maana viwandani hupitishwa kwenye kimiminika chenye mkondo wa umeme ili uso upate oksijeni, halafu hupakwa utando mwembamba, aghalabu karibu asilimia 1 ya uzito. Nyuzi nyingi sokoni zimepakwa kwa ajili ya epoksi. Ukizitia kwenye plastiki iitwayo PEEK, inayoyeyuka kwenye sentigredi 343, mpako huo huharibika kabla plastiki haijayeyuka, na gesi yake huweza kuacha vipovu. Muuzaji anayekujibu kwamba mpako ni "wa kawaida" hajakujibu.

Nailoni hupatana na oksijeni ile ya usoni mwa nyuzi bila shida kubwa. Polipropilini haina cha kuvutana nayo. Isipochanganywa na polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, iache.

Hata kemia ikikaa sawa, plastiki iliyoyeyuka ni nzito mno kuliko epoksi mbichi, nayo hupenya kwa taabu katikati ya fungu la nyuzi. Kata ubao kwa kuvuka nyuzi, uusugue mpaka ung'ae, utafute visiwa vya nyuzi kavu. Ukiviona, usihangaike na vipimo vingine.

Mwisho, namba za ukinzani wa tabaka kuteleza. Zilinganishe kwa plastiki ileile iliyopozwa kwa kasi ileile: PEEK iliyopozwa polepole huwa na fuwele nyingi, hupata namba nzuri, lakini hupasuka kwa wepesi zaidi. Kwa nailoni, uliza kama sampuli ilikuwa kavu au imenyonya unyevu. Na kwa kifaa cha kupokea mapigo, ningechagua mshiko wa wastani, kwa kuwa nyuzi zinazochomoka kwa kukaza hula nguvu ya pigo.