Kidole Gumba Kabla ya Kisu

Kiwayu ni kisiwa kirefu chembamba, mbali kaskazini mwa mji wa Lamu, kuelekea mpaka wa Somalia. Upande wake wa magharibi unatazama bara: mlango wa maji tulivu, mikoko, mashua zilizotia nanga. Upande wa mashariki ni bahari kuu. Huko mchanga hupokea chochote ambacho Bahari Hindi imechoka kukibeba: magogo, chupa, vipande vya nyavu, na ndara. Ndara huonekana kabla ya vyote kwa ajili ya rangi zake. Huja moja moja, ya kushoto bila ya kulia, kamba imeshakatika, na nyingine zimeelea muda mrefu hata zikashikwa na vigamba vya baharini.

Maji ya Kiwayu yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na fuo za huko ni mahali pa kasa kutagia mayai. Mtoto wa kasa aliyetoka mchangani akikuta rundo la takataka kati yake na maji, huzunguka, huchoka, na ndege humuwahi. Mwaka 1997 Julie Church, mtaalamu wa bahari aliyekuwa katika mradi wa kuhifadhi kasa wa WWF na shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, aliwaona watoto wa Kiwayu wakichezea vitu walivyojichongea kwa ndara zilizookotwa ufuoni. Mama zao wakahimizwa kuziokota, kuziosha na kuzichonga vitu vya kuuza. Hapo ndipo ilipoanzia kazi inayojulikana leo kwa jina la Ocean Sole, yenye karakana yake Nairobi, ambako twiga wa raba huweza kumpita mtu kwa kimo.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kwa ajili ya usafi wa bahari, na hilo ni jambo la kheri. Lakini naona fundi amepunjwa katika masimulizi hayo. Anasifiwa kwa kuokota, hasifiwi kwa kuchagua. Mnunuzi huona rangi: buluu juu ya manjano juu ya waridi. Fundi rangi huziangalia baadaye. Kwanza hutaka kujua raba hii itabonyea kiasi gani, na ikishabonyea itarudi upesi au itazubaa. Kisu hakijashikwa bado, na tayari nusu ya kazi imeamuliwa.

Watoto walilijua hili kabla ya mtu mzima yeyote kulitia katika mradi. Anayetengeneza gari la kuchezea hatwai ndara yoyote iliyo karibu. Gurudumu la raba laini hutanuka pale kijiti cha ekseli kinapopita. Baada ya mbio chache tundu limekuwa pana na gurudumu linayumba. Kwa hiyo magurudumu hukatwa kwenye raba ngumu. Kwa chombo cha kuelea mambo hugeuka: hutakiwa raba nyepesi, isiyonywa maji, na hapo wepesi ni bora kuliko ugumu. Wavuvi nao wana hesabu yao. Kote pwani utaona vipande vya ndara vimetungwa kwenye kamba ya juu ya jarife vikiwa maboya, na mvuvi mzoefu hachukui kile ambacho kidole kikikibonyeza hubaki na shimo, maana kikibanwa na maji kitasinyaa na wavu utazama.

Ndara si kitu kimoja. Zipo za raba ya asili iliyoumuliwa, zile za zamani zenye uso mweupe na tumbo la buluu, ambazo wengi wetu tumekulia ndani yake. Hizo ni nzito kidogo, hunesa, na ukizikunja hurudi kwa nguvu. Zipo za povu la plastiki linaloitwa EVA, nyepesi sana, zenye vijishimo vya hewa vilivyofungwa kila kimoja peke yake. Hizi ndizo hukatika vizuri na kuacha uso laini. Zipo pia za plastiki tupu ya kumiminwa, ngumu na inayoteleza, ambazo kisu huzikwaruza tu na gundi huzikataa. Fundi huzitenga hizo za mwisho mapema. Hata ndani ya EVA zenyewe, kiwanda kimoja huumua povu sana ili kupunguza mali na kingine huliacha zito, kwa hiyo ndara mbili za rangi ileile zinaweza kuwa na tabia mbili kabisa.

Kisha kuna jambo ambalo mimi hulistaajabia kuliko yote: hata ndara moja ina ugumu wa namna nyingi. Aliyeivaa ameiandika kwa mwili wake. Pale kisigino kilipokanyaga miaka miwili au mitatu, povu limeshindiliwa, vijishimo vya hewa vimebanwa na havifunguki tena. Pale chini ya kidole gumba vilevile. Katikati, chini ya upinde wa unyayo, raba imebaki karibu kama ilivyotoka kiwandani. Fundi hukata kisigino akakiweka upande mmoja na katikati akaiweka upande mwingine. Mtu asiyemjua, na pengine aliye ng'ambo ya bahari, amemwandalia mali ya daraja mbili katika kiatu kimoja.

Jua na chumvi huongeza yao. Raba iliyolala juani juu ya mchanga hufanya ngozi: uso wake hukauka, hupauka, hupata nyufa ndogo, na ukiukwangua hutoa unga. Ngozi hiyo humdanganya anayegusa juu juu. Ndara yaonekana ngumu, kumbe ndani ni laini bado. Au yaonekana nzima, kumbe ikikunjwa huvunjika. Ndiyo maana kuosha hakuwezi kutenganishwa na kuchagua. Maji na brashi huondoa mchanga uliojikita ndani ya vijishimo, na punje moja ya mchanga inatosha kuharibu makali ya kisu. Na mkono unaosugua unakuwa umeshapima kila ndara kabla haijafika kwenye rundo lake.

Kipimo chenyewe ni kidole gumba. Hubonyezwa pembeni, wala si juu penye ngozi ya jua. Kisha huachiliwa na kuangaliwa. Raba nzuri hujaza alama ya kidole mara moja. Iliyochoka hujaza polepole. Iliyokufa hubaki na shimo. Viwandani kazi hiyohiyo hufanywa na chombo chenye sindano butu inayosukumwa na springi, na kipimo chake, kinachokwenda kutoka 0 hadi 100, kimepewa jina la Mmarekani Albert Shore. Chombo hicho hutoa namba, na namba ni nzuri kwa kuandikiana. Lakini sindano husoma ugumu peke yake mahali pamoja, na kidole kwa mguso mmoja husoma ugumu na kurudi.

Wapo watu wengine duniani wanaosumbuliwa na swali hilohilo, nao ni wachezaji wa tenisi ya meza. Kibao chao ni mbao iliyobandikwa raba pande mbili, na chini ya raba mna sponji. Sponji hiyo ilileta kishindo mwaka 1952 huko Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alipotwaa ubingwa wa dunia kwa kibao cha sponji nene kisichotoa sauti ambayo wapinzani wake walizoea kuisikiliza. Baadaye sheria ikaweka mipaka: raba na sponji na gundi, vyote pamoja, visizidi milimita 4. Ndani ya milimita hizo 4 wachezaji hubishana maisha yao yote, na ubishi mkali ni juu ya sponji ya bekihendi, yaani pigo la mgongo wa mkono.

Hoja ya wengi ni hii. Pigo la kiganja huanzia miguuni, hupitia kiuno na bega, na mkono huja na mwili mzima nyuma yake. Nguvu hiyo hufika mpaka ndani ya sponji ngumu na kuiamsha. Bekihendi hupigwa mbele ya tumbo, nafasi ni finyu, kazi ni ya kigasha na kifundo cha mkono. Sponji ikiwa ngumu mno mpira hauzami. Huguswa juu juu, hauzunguki, unatoka kama umetemwa. Kwa hiyo wengi huweka sponji laini kidogo upande huo, ipokee mpira hata kwa pigo dogo. Lakini laini ikizidi, siku mpinzani akipiga kwa nguvu mpira huizamisha sponji yote mpaka ugonge mbao, na mchezaji hana tena udhibiti. Namba zilizoandikwa kwenye pakiti hazimwokoi, kwa kuwa vipimo vya viwanda havilingani: digrii 40 za Kichina huwa ngumu kuliko digrii 40 za Kijerumani. Mwishowe naye hurudi kwenye kidole gumba na kwenye pigo lake mwenyewe. Ugumu unaofaa ni ule unaolingana na nguvu itakayoifikia raba, na mchongaji wa ndara huongozwa na kanuni hiyohiyo.

Kwake nguvu ni ya kisu. Mnyama mdogo wa kutundika funguo hukatwa katika unyayo mmoja, na hapo kosa ni dogo. Mnyama mkubwa kidogo hutoka kwenye donge: nyayo nyingi zimepakwa gundi pande zote mbili, zikaachwa mpaka gundi isinate kidoleni, kisha zikabanwa pamoja. Ukichanganya laini na ngumu katika donge moja bila kufikiri, kisu kitakuumbua. Kikifika kwenye tabaka laini huzama, kikifika kwenye gumu husita, na ubavu wa kasa uliotakiwa kuteleza hutoka na ngazi. Msasa hauwezi kurekebisha. Msasa huula ugumu na kuusukuma ulaini; raba laini hukimbia mbele ya msasa kisha ikarudi nyuma yake ikiwa vilevile, na ngazi inazidi kuonekana. Kwa hiyo rangi zile zinazopendeza sana, buluu na manjano na waridi zikifuatana, zimepangwa na mtu aliyekwisha kuhakikisha kwamba zote zinabonyea sawa. Hiyo ndiyo kazi isiyoonekana, nami naiheshimu kuliko mikunjo ya shingo ya twiga.

Kisu chenyewe kinataka makali ya wembe na hunolewa kila mara. Fundi aliyejifunza kwenye mti, na katika karakana ya Nairobi wapo wengi wa namna hiyo, hana budi kusahau baadhi ya mambo. Mti una nyuzi. Mchonga milango wa Lamu akiushika mbambakofi hujua nyuzi zinaelekea wapi, na patasi hufuata. Raba haina nyuzi. Ina hewa. Ukiibonyeza unapokata, unakata umbo lililobonyezwa, na ukiachilia raba hurudi na mkato wako hupinda. Inakupasa ukate bila kusukuma: kisu kivutwe kirefu, kwa mkono mwepesi, na ukilowesha bapa kwa maji hupita bila kunata. Raba laini huhitaji makali zaidi kuliko ngumu, jambo linalowashangaza wanaoanza.

Kila kiungo kina raba yake. Miguu ya twiga na ya ndovu hupewa ngumu, zile za visigino, maana laini ikibeba uzito mwaka mzima huinama na mnyama hulala upande. Shingo ndefu vilevile. Tumbo na mgongo huvumilia ya kati, ambayo huchongeka kwa duara nzuri. Mapezi ya samaki na masikio hupewa raba nyembamba yenye kurudi, kwa sababu yatashikwashikwa na watoto, na raba iliyokufa hukatika hapo kwanza. Kuna pia matundu matatu ya kamba yaliyomo katika kila ndara. Asiyejali huyaacha yatokee popote. Fundi hodari huyazika ndani ya donge au huyageuza jicho.

Lamu imekwisha kuonyesha upande mwingine wa hesabu hii. Tarehe 15 Septemba 2018 lilishushwa majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Mkuku na mataruma yalikuwa ya plastiki iliyoyeyushwa ikawa ngumu; ndara zipatazo 30,000 zilivikwa juu ya ubavu. Dunia ilipiga picha za rangi. Kilichobeba jahazi katika mawimbi kilikuwa chini ya rangi hizo.

Basi ukikuta kasa au twiga wa raba sokoni Lamu, Mombasa au Nairobi, usimwangalie kwa macho tu. Mbonyeze shingo, kisha mbonyeze mguu, halafu pitisha kidole ubavuni kutoka rangi moja hadi nyingine. Shingo ikirudi upesi, mguu ukikataa kubonyea, na kidole kisikute ngazi popote, huyo amechongwa na fundi anayejua kuchagua. Mlipe bei anayoitaja.