Ubavu wa Jahazi Hugawanywa Kwanza

Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wa majahazi hufanya kazi bila mchoro wa karatasi. Jicho na mazoea ndivyo vinavyouongoza mkono wenye tezo. Anayeunda mfano mdogo wa jahazi mezani hukutana na swali lilelile wanalolijua wao: mbao zilizonyooka zitalifunika vipi umbo lililopinda kila upande?

Wengi hukimbilia kubandika mbao za upana mmoja kuanzia mkukuni kwenda juu. Katikati ya chombo kazi huenda vizuri. Omoni, ambako ubavu ni mfupi, mbao huanza kubanana, kingo zake huinuka, na za mwisho hulazimika kuchongwa ncha kali.

Dawa ni kuugawa ubavu kabla ya kukata chochote. Ukanda wa karatasi hulazwa juu ya taruma pana kuliko yote, kutoka mkukuni hadi ukingo wa juu. Tuseme umetoa milimita 120, na mbao zilizopo zina upana wa milimita 5: zitahitajika 24. Taruma la omoni likiwa na milimita 72, mbao hizohizo 24 zitapunguzwa hadi milimita 3 kila moja. Hapo ni salama, kwa kuwa kanuni ya kawaida ni kutopunguza ubao chini ya nusu ya upana wake. Lingekuwa na milimita 54, kila ubao ungebaki na 2.25, na ingefaa mbao mbili zipokelewe na mmoja kabla hazijafika mbele. Tezini mambo huweza kugeuka: kwenye milimita 132 kila ubao ungetakiwa kuwa na 5.5, kwa hiyo pengo hujazwa kwa ubao wa nyongeza uliochongwa kama kabari.

Hesabu peke yake haitoshi. Fito nyembamba hushikizwa kwa pini juu ya mataruma, zikaugawa ubavu katika mafungu manne ya mbao sita sita. Chombo hutazamwa kutoka mbele, pembeni na chini, na ufito wowote unaovunja mkunjo husogezwa. Faida ya mafungu ni kwamba kosa dogo huishia ndani ya fungu lake.

Uangalifu huu una sababu. Kwenye jahazi halisi, kalafati ya pamba na mafuta huziba nafasi kati ya mbao. Kwenye mfano wa kipimo cha 1 kwa 50, mwanya wa nusu milimita ni sawa na sentimita 2.5 za chombo halisi, na kila mtu atauona.

Mtepe ndio mtihani mkubwa zaidi. Chombo hicho, kilichotoweka baharini mapema katika karne ya 20, kilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mbao ziliunganishwa kwanza, mataruma yakafuata. Muundaji anayetaka kuufuata utaratibu huo hana mataruma ya kupimia, hivyo huweka kalibu za muda ndani, huchora mgawanyo juu yake, kisha huziondoa ganda likishakamilika. Matundu ya kingo mbili zinazokutana lazima yatazamane, kwa hiyo mistari yote huchorwa, na ubao wa kulia na wa kushoto hukatwa kwa kigezo kimoja, kabla ya keekee kutoboa tundu la kwanza.