Sentensi Yenyewe Ndiyo Ufunguo

Programu nyingi za Linux zinapozungumza Kiswahili, Kifaransa au Kijapani, kazi hiyo hufanywa na gettext. Wazo lilianzia Sun Microsystems, na mradi wa GNU ukaanza kutoa toleo lake mwaka 1995. Msingi wake ni uamuzi mmoja: mwandishi wa programu hahitaji kuupa ujumbe namba wala jina la kubuni. Huandika sentensi kamili, kwa kawaida ya Kiingereza, ndani ya msimbo, na sentensi hiyohiyo ndiyo ufunguo wa kutafutia tafsiri.

Uamuzi huo una uzito. Tafsiri isipopatikana, gettext hurudisha ufunguo wenyewe, na mtumiaji husoma sentensi yenye maana, si namba tupu. Kiswahili mara nyingi hutafsiriwa na watu wachache wanaojitolea jioni baada ya kazi. Kwao hii ina maana kwamba tafsiri iliyofika nusu inaweza kutumika leo.

Upakiaji wenyewe hauna haraka. Programu inapoanza huita setlocale ili ijue mtumiaji amechagua lugha gani, kisha bindtextdomain hutaja folda ya tafsiri, mara nyingi /usr/share/locale, na textdomain hutaja jina la katalogi. Hadi hapo hakuna faili la tafsiri lililofunguliwa. Hufunguliwa ujumbe wa kwanza unapoombwa. Aliyechagua sw_TZ.UTF-8 hutafutiwa kwanza folda yenye jina hilo kamili, kisha sw_TZ, na mwishowe sw. Ndiyo maana katalogi moja iliyowekwa kwenye sw huwafaa Mtanzania na Mkenya. Naye msomaji wa Bukavu akiweka LANGUAGE kuwa sw:fr, ujumbe usio na Kiswahili hutafutwa kwa Kifaransa kabla ya kuachwa kama ulivyo.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kama mfumo haujatengenezewa sw_TZ, setlocale hushindwa, programu hubaki kwenye mpangilio wa msingi uitwao C, na gettext haitazami hata hiyo LANGUAGE. Faili la Kiswahili lipo mahali pake, zima kabisa, lakini skrini yote ni Kiingereza. Kabla ya kumlaumu mtafsiri, endesha amri ya locale -a uone kama sw_TZ imo.

Faili linalopakiwa si lile la PO ambalo mtafsiri hulihariri. Zana ya msgfmt huligeuza kuwa MO, faili la baiti linaloanza na namba 0x950412de, ambayo pia huonyesha mpangilio wa baiti. Sentensi asilia zimekwisha kupangwa humo kialfabeti, na kwa kawaida kuna jedwali la heshi la kuharakisha utafutaji. Inapowezekana, faili huunganishwa moja kwa moja na kumbukumbu kwa mmap. Kazi nzito imefanywa mapema, kwenye mashine ya mtengenezaji; kompyuta kuukuu ya mtumiaji inabakiwa na kutafuta tu.

Gharama ipo. Mwandishi akisahihisha herufi moja ya Kiingereza, ufunguo hubadilika. Zana ya msgmerge huiokoa tafsiri ya zamani kwa kuitia alama ya fuzzy, lakini msgfmt huiacha nje mpaka mtu aihakiki. Tena, neno Open likiwa amri ni “Fungua”, likiwa hali ni “Wazi”, ilhali ufunguo ni mmoja. Dawa yake ni msgctxt: muktadha huandikwa mbele ya ufunguo na kutenganishwa nao kwa baiti yenye thamani 4. Mimi naona gharama hizo zinabebeka.

Lisilotibika kwa upakiaji wowote ni sentensi ya vipande. Ujumbe kama “%s imefutwa” unafaa kwa picha, lakini kwa kitabu unapaswa kuwa “kimefutwa”, na gettext haijui ngeli ya neno litakaloingizwa. Kila aina ya kitu inahitaji sentensi yake kamili, na anayeweza kuiandika ni mwandishi wa programu peke yake.