Jedwali la Waliokimbia Mushaki: Kufuli Liwekwe Wapi?

Mwishoni mwa Februari 2023 vita kati ya jeshi la Kongo na waasi wa M23 vilifika Mushaki, mji mdogo wa milima ya malisho juu ya Sake, katika teritwari ya Masisi, Kivu Kaskazini. Familia zilishuka kuelekea Sake, na nyingi zikaendelea hadi kambi za pembezoni mwa Goma kama Bulengo. Katika kambi kama hizo, kabla ya unga, maharage au turubai, mtu huandikwa kwanza: jina la mkuu wa kaya, kijiji alichotoka, idadi ya watoto, namba ya simu, kibanda anacholala. Maelezo hayo huanzia kwenye daftari au simu, kisha huingizwa katika jedwali moja la kompyuta, na jedwali huanza safari yake. Linakwenda kwa msimamizi wa kambi, kwa shirika linalogawa chakula, kwa linalochimba vyoo, kwa ofisi ya mjini, na mara nyingine kwa kundi la WhatsApp ambalo hakuna anayekumbuka nani alimwingiza nani.

Kwa Masisi na jirani yake Walikale, safu hizo chache zinasema mengi. Jina la mtu na kijiji chake vinaweza kumfichulia msomaji kabila lake, mahali lilipo shamba lake, na upande alioukimbia. Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Watu wa maeneo haya hawahitaji kufundishwa gharama ya kutambuliwa kwa jina. Jedwali lenye jina, kijiji na kibanda likifika kwa mtu mwenye bunduki na kisasi, linamwonyesha mlango wa kugonga.

Basi jedwali la namna hiyo linalindwaje lisinakiliwe, wala lisifunguliwe na asiyehusika? Naanza na jambo ambalo wauzaji wa programu huliruka: anayeweza kusoma faili anaweza kulinakili. Hakuna kitufe kinachoondoa ukweli huo. Sehemu kubwa ya ulinzi hufanyika mapema, pale tunapoamua nini kiandikwe, kigawanywe vipi, na ufunguo ukae kwa nani.

Kinga tatu zinazodanganya

Kinga ya kwanza ni ile amri ya Excel ya kulinda karatasi kwa nywila. Ukiiweka, seli hazihaririki tena, na wengi huamini kwamba faili limefungwa. Lakini faili la .xlsx ni kifurushi cha zip chenye mafaili madogo ya XML ndani yake. Maandishi yote yamo humo wazi, na ulinzi wenyewe ni mstari mmoja unaoiagiza programu isiruhusu kuhariri. Mtu akikifungua kifurushi na kuufuta mstari huo, karatasi inaharirika bila yeye kuijua nywila. Amri hii iliwekwa ili mkono usiharibu fomula kwa bahati mbaya, na kwa kazi hiyo inafaa. Kumzuia mwizi si kazi yake.

Kinga ya pili ni kuficha karatasi au safu. Agosti 8, 2023, polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la mwananchi aliyetaka takwimu za watumishi wao. Jibu lilitoka kama jedwali la Excel, na ndani yake kulibaki karatasi iliyofichwa yenye majina ya ukoo, herufi za mwanzo za majina mengine, vyeo na vituo vya kazi vya askari na watumishi 9,483. Jedwali lilikaa mtandaoni kwa saa chache tu, lakini saa hizo zilitosha. Mwaka uliofuata mdhibiti wa taarifa wa Uingereza aliwatoza faini ya pauni 750,000. Hakuna mdukuzi aliyehusika. Karatasi iliyofichwa hubaki ndani ya faili, na kuifichua ni kubofya mara mbili.

Kisa cha pili cha Uingereza ni kizito zaidi. Februari 2022 mtumishi wa serikali alituma nje jedwali la Waafghani walioomba hifadhi kwa sababu walifanya kazi na majeshi ya Uingereza. Aliamini anatuma mistari kama 150. Jedwali lilikuwa na mistari zaidi ya 33,000, inayogusa waombaji karibu 19,000. Uvujaji haukugunduliwa hadi Agosti 2023, sehemu ya orodha ilipoonekana Facebook. Mahakama ilizuia habari hiyo kutangazwa hadi Julai 2025, na maelfu ya watu walihamishwa kimyakimya ili wasiuawe na Taliban. Aliyetuma aliona kipande kidogo tu kwenye skrini yake. Faili lilibeba orodha nzima.

Kinga ya tatu ni ya majedwali ya mtandaoni kama Google Sheets. Mwenye jedwali anaweza kuwazuia wasomaji kupakua, kuchapisha na kunakili. Mpangilio huo husaidia kupunguza uzembe, lakini skrini hupigwa picha, na simu ya jirani nayo hupiga picha skrini hiyo. Amri ya kulinda sehemu za jedwali haiwaongezei usalama walioandikwa humo, na Google yenyewe inaonya kwamba haikukusudiwa kuwa kinga ya siri. Kuna pia fomula ya IMPORTRANGE, inayovuta data kutoka jedwali moja hadi lingine. Ukishairuhusu mara moja, kila mhariri wa jedwali linalopokea anaweza kuvuta sehemu yoyote ya jedwali la chanzo, hata karatasi ambazo hukudhani umezitoa.

Usimbaji wa kweli, na mpaka wake

Ipo amri nyingine ya Excel, ile ya kudai nywila kabla faili halijafunguka. Hii ni tofauti kabisa, kwa sababu faili zima husimbwa kwa mbinu iitwayo AES, na bila nywila kinachobaki ni herufi zisizosomeka. Nywila ikiwa ndefu na haifanani na kitu cha kukisiwa kirahisi, faili hilo linaweza kupotea barabarani na maandishi yake yasisomwe. Kinga hiyo huvunjika pale nywila inapotumwa katika ujumbe uleule uliobeba faili, au mpokeaji anapolifungua na kulihifadhi upya bila nywila kwenye flashi.

Hata usimbaji mzuri una mpaka, na shirika linalojulikana vizuri Kivu limeuonja. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba data za watu zaidi ya 515,000 zimeingiliwa. Wengi wao walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao na vita, uhamiaji au majanga, na taarifa zao zilikusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Wavamizi walikuwa wameingia Novemba 9, 2021 kupitia udhaifu wa programu ya kusimamia nywila ambayo haikuwa imewekewa marekebisho kwa wakati. Uvamizi uligunduliwa Januari 18, siku 70 baadaye. Data zilikuwa zimesimbwa. Wavamizi walijifanya watumiaji halali na wasimamizi wa mfumo, na mfumo ukawafungulia kama unavyomfungulia mfanyakazi wake.

Ndiyo maana narudia kwamba usimbaji humzuia asiye na ufunguo. Mwenye ufunguo, au anayejifanya yeye, anapewa kila kitu kilichomo. Swali linalobaki ni kiasi gani kimewekwa nyuma ya ufunguo mmoja.

Kuligawa jedwali

Jibu la kazi ni kulivunja jedwali moja kuwa mawili. La kwanza ni la utambulisho: jina, kijiji, simu, na namba ya siri ya kaya. La pili ni la ugawaji: namba ileile, idadi ya watu katika kaya, kiasi cha mgao, tarehe. Familia hupewa jetoni yenye namba hiyo. Siku ya ugawaji, mwenye kupima maharage anahitaji kujua kwamba namba fulani ni kaya ya watu sita na haijachukua mgao wake. Hahitaji jina wala kijiji. Jedwali lake likipigwa picha au likiibwa, mwizi amepata namba na vipimo vya unga.

Namba lazima iwe ya kubahatisha. Ukiitengeneza kwa herufi za kijiji na mwaka wa kuzaliwa, umeandika jina kwa hati nyingine. Safu zinazobaki nazo zichunguzwe kwa makini. Mjane mwenye watoto saba na mmoja kati yao mlemavu anaweza kujulikana na kijiji kizima hata jina lake likifutwa. Kwa hiyo jedwali linalotoka nje ya timu liishie kwenye makundi mapana: teritwari badala ya kijiji, kundi la umri badala ya tarehe ya kuzaliwa. Kundi likiwa na kaya moja au mbili, liunganishwe na lingine. Safu ya kabila isiwepo kabisa, kwa sababu mgao wa chakula hauhitaji kuijua.

Ukusanyaji nao una dawa yake. KoboToolbox, programu inayotumiwa sana na mashirika ya misaada, huruhusu fomu kusimbwa ndani ya simu ileile inayoijaza. Simu inabeba ufunguo wa kufungia tu, na ufunguo wa kufungulia uko kwenye kompyuta nyingine. Ni kama sanduku la sadaka: kila mtu anaweza kutia, ila anayefungua ni mwenye ufunguo. Mwandishi wa orodha akisimamishwa kwenye kizuizi kati ya Sake na Goma na simu yake ikapekuliwa, fomu alizokwisha kukamilisha haziwezi kusomwa, hata na yeye mwenyewe.

Jedwali la utambulisho likihitaji kukaa mtandaoni, ruhusa itolewe kwa akaunti ya mtu mmoja mmoja. Kiungo kinachofunguka kwa yeyote aliye nacho kitazungukia makundi ya WhatsApp hadi kimfikie asiyestahili. Kila akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili, na namba ya uthibitisho itoke kwenye programu maalumu badala ya SMS, maana kadi ya simu huibwa. Orodha ya wenye ruhusa isomwe kila mwezi, na aliyeacha kazi aondolewe siku hiyohiyo anapoondoka. Tusisahau pia kwamba usimbaji wa WhatsApp hulinda ujumbe ukiwa njiani. Likishafika, faili hukaa katika simu ya kila mwanakikundi.

Kuna njia ya kujua nakala ya nani imevuja. Wataalamu wengine hupanda mstari wa uongo katika kila nakala. Katika orodha ya chakula sipendekezi hilo, kwa sababu kaya hewa huvuruga hesabu na kuzua tuhuma za wizi. Afadhali kila mpokeaji apewe mistari katika mpangilio wake wa pekee, na mpangilio huo uandikwe mahali salama. Nakala ikionekana pasipostahili, mpangilio unaweza kumtaja mwenye nayo. Haizuii wizi, ila humfanya kila mpokeaji ajue kwamba nakala yake ina jina.

Siku ya kuondoka

Kivu ina somo ambalo vitabu vingi vya teknolojia havina: ofisi inaweza kubadilisha mikono kwa usiku mmoja. Januari 2025 M23 iliingia Goma, na katika siku za mapigano maghala na ofisi za mashirika ya misaada ziliporwa. Katika hali hiyo hakuna muda wa kufuta mafaili. Hata muda ungekuwepo, kufuta kwenye diski za kisasa hakutoi uhakika kwamba data imetoweka. Njia inayoaminika ni kusimba diski nzima tangu siku ya kwanza, kwa BitLocker, VeraCrypt au inayofanana nazo. Kompyuta ikiwa imezimwa na ufunguo haupo karibu, aliyeiba amechukua chuma. Ufunguo ukiharibiwa, orodha imeharibiwa pamoja nao.

Ufunguo wenyewe usikae na aliye kambini. Mfanyakazi aliyeelekezewa bunduki atatoa nywila, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Tunaweza kupanga kazi ili asiwe nayo: jedwali la utambulisho lifunguliwe na mwenzake aliye mji mwingine, na wakubwa wa eneo waambiwe mapema na hadharani kwamba timu ya kambi haiwezi kulifungua. Haitoshi kumhakikishia usalama, maana mwenye bunduki anaweza asiamini. Lakini inamlinda yule aliyeandikwa, hata pale mlinzi wake anaposhindwa.

Yote haya yana gharama, na inafaa isemwe. Jedwali lililogawanywa huchelewesha kazi, na namba ikikosewa kaya hukosa mgao. Msalaba Mwekundu ulipozima seva zake baada ya uvamizi, kazi ya kuunganisha familia iliyumba kwa muda, na mama anayemtafuta mtoto hawezi kusubiri mafundi. Utafutaji wa waliopotea unahitaji majina, kwa hiyo majina yawepo, katika jedwali lake, na watu wake wachache. Ugawaji wa maharage hauyahitaji.

Kongo sasa ina sheria ya mambo haya: Kanuni ya Kidijitali ya Machi 13, 2023, wiki chache tu baada ya vita kufika Mushaki, ina sehemu inayohusu data binafsi. Ila sheria haifiki kambini yenyewe. Anayefika ni mwandishi mwenye simu, na mratibu aliyemtengenezea fomu. Mratibu huyo, kabla ya kuongeza safu yoyote, ajiulize itasaidia kuamua nini, nani ataisoma, na itafutwa lini. Safu isiyo na majibu yote matatu iondolewe kwenye fomu siku hiyohiyo. Aliyekimbia Mushaki alitoa jina lake kwa sababu watoto wake walikuwa na njaa, na hakupewa nafasi ya kukataa. Wajibu wa kulilinda ni wa yule aliyeuliza.