Kufunga, Kukaza na Mwanya: Tahakiki ya Lugha ya Vali za Injini

Mfasiri wa kitabu cha matengenezo ya gari hana budi kukumbuka kwamba msomaji wake ameshika spana mkononi. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mwenye Land Rover kuukuu ya dizeli aweza kuwa mbali na karakana, na neno moja lililochaguliwa ovyo laweza kumgharimu injini. Tunakusudia hapa kupima maneno matatu yatumikayo katika kazi ya kurekebisha vali.

La kwanza ni kufunga. Mfasiri huandika: "Vali ya nane ikiwa imefunguliwa kabisa, pima vali ya kwanza iliyofungwa." Sentensi hii haina kosa la sarufi, lakini gerejini kufungua injini ni kuichambua, na kufunga ni kuiunga tena. Wengi wa wasomaji tunaowataja lugha yao ya kwanza ni Kikuria au Kingoreme, na kitenzi hiki wamekipokea kwa mafundi, si katika kamusi. Msomaji aweza kudhani kwamba vali ya nane ing'olewe! Twapendekeza kauli ya kutendeka: vali hufunguka kwa nguvu ya injini, fundi hufungua kwa mkono wake. Na badala ya "iliyofungwa", isemwe "iliyokaa kwenye kiti chake".

La pili ni kukaza. Tapeti zikigonga, husemwa "kaza vali". Kauli hii ni ya hatari. Kinachokazwa ni nati ya kuzuia parafujo isizunguke; vali yenyewe haikazwi kamwe. Mwenye gari akiendelea kukaza mpaka kelele ziishe, atakuwa ameondoa nafasi ambayo chuma huhitaji kinapopata joto na kurefuka. Vali haitakaa sawasawa kitini, gesi ya moto itaunguza ukingo wake, na mgandamizo utapungua. Injini ya dizeli huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Mgandamizo ukipungua, asubuhi ya baridi katika nyanda za juu za Tarime gari litakataa kuwaka.

La tatu ni jina la nafasi hiyo. Tumeona ikiitwa "ulegevu", "uwazi" na "nafasi". Ulegevu ni jina la kasoro, nalo humwalika msomaji akaze. Uwazi hutatanisha, kwani vali nayo huwa wazi. Nafasi ni pana mno. Twachagua mwanya: kitu chembamba, chenye kipimo, kinachoachwa kwa makusudi. Hivyo tutaandika: "Mwanya wa vali katika injini ya dizeli ya Land Rover ya lita 2.25 ni milimita 0.25." Kifaa chake, ambacho mafundi hukiita fila, chaweza kuitwa kipimamwanya kwa mfano wa kipimajoto, lakini fila isifutwe, maana ndiyo itakayoombwa dukani.

Istilahi haipimwi kwa uzuri wake katika orodha pekee. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe mwaka 1967, kazi ya usanifishaji imezaa maneno mengi. Yaliyobaki ni kuyajaribu ndani ya sentensi za maagizo, mbele ya watu watakaoyatii. Walimu wa ufundi na wafasiri watufanyie jaribio hilo: msomaji apewe maagizo, kisha aulizwe atafanya nini kwanza. Jibu lake ndilo litakalotuonyesha neno la kubaki na neno la kuachwa.